Haipokotili ndefu kwenye mwanga: ni phyB, hy1, hy5, au taa zinanidanganya?

MtafitiMche aliandika:

Salaam wakuu. Nina familia tatu za M3 (kizazi cha tatu tangu mbegu zilizotibiwa) za Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara, zote zimetokana na mbegu za Col-0 (aina ya kawaida) zilizotibiwa kwa EMS, kemikali inayobadilisha DNA. Kwenye M2 nilichuja chini ya mwanga mweupe usiozimwa, nikachukua miche iliyorefuka haipokotili (kile kishina kati ya mzizi na kotiledoni, yale majani ya kwanza ya mche). Sasa nataka kujua ni jeni gani imeharibika katika kila familia (phyB, hy1 na hy5 za kwenye kichwa ni miche inayojulikana yenye jeni ya kuitikia mwanga iliyoharibika).

Sahani zangu: MS (chumvi za lishe) nusu nguvu, agari 0.8%, sukari 1%, pH 5.7. Mbegu zinakaa baridini siku 2, kisha zinaingia moja kwa moja kwenye masanduku ya rangi kwa siku 5. Chumba ni 22°C. Taa nyekundu na bluu ni mikanda ya LED ya mapambo, ile inayobadilishwa rangi kwa rimoti. Ya nyekundu ya mbali ni taa maalumu ya 730 nm.

Nilichokiona hadi sasa:

Na. 12 ni ndefu kwenye mweupe na nyekundu. Kwenye bluu na nyekundu ya mbali iko sawa na Col-0.

Na. 31 ni ndefu sana kwenye nyekundu na nyekundu ya mbali, na kwenye bluu imezidi kidogo. Mmea mzima ni wa manjano-kijani, kama unaokosa mbolea.

Na. 47 ni ndefu kwenye rangi zote, kijani chake kimepauka kidogo tu, na mizizi yake inatoa matawi mengi yanayokwenda ovyo.

Gizani nimepima 12 na 31, zote ni sawa na Col-0. Ya 47 sijapima, mbegu zilikuwa chache.

Kinachonisumbua: Col-0 yenyewe kwenye nyekundu inaanzia mm 3 hadi mm 9 ndani ya sahani moja. Halafu mita ya mwanga inasoma 0 chini ya taa ya 730, ilhali miche imefupika na kufungua kotiledoni kabisa. Fedha ya kusoma jenomu nzima haipo kwa sasa. Nianzie wapi?

---

Wimbi730 alijibu:

Mkuu, jeni ziache kwanza. Col-0 ikitofautiana mara tatu ndani ya sahani moja, ulichopima ni sanduku, mutanti (mmea wenye jeni iliyobadilika) bado.

Mita yako ni nzima. Mita za usanisinuru huhesabu fotoni za 400 hadi 700 nm basi, na taa ya 730 iko nje ya hapo. Jicho la binadamu nalo karibu halioni kitu, ndiyo maana taa huonekana kama imezimika wakati fitokromu A (phyA, protini ya mmea inayohisi nyekundu ya mbali) inaiona vizuri sana. Pima kwa spektroradiometa, kifaa kinachopima kila urefu wa wimbi la mwanga. Kama hakuna, azima hata kwa saa moja: pima kila sanduku mara moja, andika umeme unaoingia na umbali wa taa, kisha usivibadilishe tena. Kwa nyekundu ya mbali, mikromoli 1 hadi 10 kwa mita ya mraba kwa sekunde zinatosha. Nyekundu 20 hadi 30, bluu 10 hadi 20. Bluu usiishushe sana chini ya hapo, kwa sababu kwenye bluu hafifu cry2 (ndugu wa cry1, zote protini zinazohisi bluu) bado ipo na inafanya kazi. Bluu ikizidi, cry2 huharibiwa na cry1 ndiyo inayobaki na mzigo. Ukichuja cry1 kwenye bluu hafifu utaona tofauti ndogo na utaikosa.

Mikanda ya mapambo ina mambo mawili. Nyekundu yake kwa kawaida ni 620 hadi 630 nm, na fitokromu isiyoamshwa hunyonya zaidi karibu na 660. Itafanya kazi, ila kwa nguvu ndogo, na huwezi kulinganisha urefu wako na wa watu waliotumia 660. La pili ni rimoti yenyewe: hakikisha ukibonyeza "bluu" ni chipu ya bluu peke yake inayowaka. Baadhi ya vidhibiti huacha nyekundu ikiwaka kidogo sana, na nyekundu kidogo sana inatosha kuiamsha phyB (fitokromu B, inayohisi nyekundu) ndani ya sanduku unaloliita la bluu. Tazama mkanda kupitia karatasi nyekundu ya plastiki. Kama kuna nukta zinazong'aa, umepata mchawi.

Kisha joto. Weka kipimajoto juu ya sahani, ndani ya sanduku lililofungwa, taa zikiwa zimewaka saa sita. Cha ukutani hakikusaidii. LED huchemsha sanduku dogo. Col-0 ikifika 28°C hurefuka haipokotili hata kwenye mwanga mzuri, kwa sababu PIF4, mojawapo ya protini za PIF zinazosukuma urefu, huwasha utengenezaji wa oksini (homoni ya ukuaji). Zaidi ya hapo, tangu 2016 inajulikana kwamba phyB yenyewe ni kipimajoto: joto huirudisha haraka kwenye hali isiyofanya kazi, hata gizani. Kwa hiyo sanduku la 28°C linamgeuza kila mche kuwa nusu mutanti ya phyB. Feni ndogo ya kompyuta ukutani mwa sanduku, yenye kona ya kadibodi nyeusi mbele yake ili mwanga usipenye, inamaliza kazi.

Mwisho, masanduku yako yapimwe na mimea. Usiamini macho. Agiza mutanti tatu kutoka vituo vya mbegu, ABRC (Ohio) au NASC (Nottingham): phyA-211, phyB-9 na cry1-304, zote za Col. phyA-211 kwenye nyekundu ya mbali lazima iwe ndefu kama ilivyo gizani. Ikiwa fupi kuliko gizani, kuna nyekundu inayovuja humo. cry1-304 lazima iizidi Col-0 waziwazi kwenye bluu, na phyB-9 kwenye nyekundu. Na sahani moja ya Col-0 kwenye sanduku lililozimwa: siku ya 4 iwe na ndoano juu, kotiledoni za manjano zilizofumbwa. Zikifunguka, tafuta tundu. Mara nyingi ni kitaa kidogo cha kijani au chekundu kwenye kidhibiti cha joto cha inkubeta. Kibandike utepe mweusi.

---

BiKibano alijibu:

Naongezea upande wa mbegu, maana hapo ndipo mm 3 hadi 9 inapotoka, hata sanduku likiwa safi.

Umeziingiza mbegu kwenye rangi moja kwa moja. Mbegu ya Arabidopsis inahitaji mwanga ili iote, na inayousoma ni fitokromu ileile unayoichunguza. Nyekundu huamsha kuota, nyekundu ya mbali huufuta mwamsho huo. Ni kile walichoonyesha Borthwick na Hendricks na wenzao kule Beltsville mwaka 1952 kwa mbegu za letasi aina ya Grand Rapids: uamuzi wa mwisho ni wa rangi ya mwisho. Kwa hiyo mutanti isiyo na fitokromu nzuri, kama 31 yako, huchelewa kuota, na sahani za 730 huota kwa vipande. Mche uliochelewa siku moja unapimwa kama "mfupi" wakati ni mdogo tu kwa umri.

Fanya hivi. Mbegu zote, Col-0 na mutanti, ziwe zimevunwa siku moja kutoka mimea iliyokua trei moja, zikaushwe wiki mbili au zaidi. Mbegu ya mwaka juzi usiilinganishe na ya mwezi uliopita. Pima mg 2 kwa kila familia, ni takriban mbegu 100.

Kusafisha: soma kibandiko cha Jik ujue asilimia ya hipokloraiti. Kama ni 3.5%, ml 10 za Jik na ml 25 za maji zinakupa 1%. Tia tone la Tween 20 (sabuni laini ya maabara) ili mbegu zisielee, tikisa dakika 10, suuza mara 5 kwa maji yaliyochemshwa kwa otoklevu. Dakika 20 ni nyingi: ganda linapauka na kuota kunakuwa kwa kusuasua, na utadhani ni jeni.

Sukari itoe. Sukari kwenye agari hubadilisha urefu wa haipokotili, na gizani athari yake si sawa na ya kwenye mwanga, kwa hiyo uwiano wako wa mwanga kwa giza unapinda. Mche wa siku 4 anajitosheleza kwa akiba ya mbegu.

Panda moja moja kwa kijiti cha meno kilicholowa, mm 5 kati ya mbegu na mbegu. Zikirundikana, majani yanarudishiana nyekundu ya mbali na miche inaanza kukwepa kivuli, basi umepata jaribio lingine ambalo hukulipanga.

Baridini 4°C, giza, siku 4 badala ya 2. Kisha sahani zote kwa pamoja chini ya mwanga mweupe wa mikromoli 100 kwa saa 6. Kisha zifungwe kwa foili tabaka mbili, 22°C, saa 18. Hapo ndipo zinagawanywa: rangi, na giza. Siku 3 hadi 4 kwenye rangi, basi. Familia ambayo bado inachelewa usiipe jiberelini (homoni ya mmea) ili iote: itaota, lakini jiberelini hurefusha haipokotili na kipimo kimekwisha. Bora urefushe mwanga mweupe wa mwanzo kwa wote.

Taa ya kijani ya chumba cha giza: iwe hafifu, elekeza ukutani, na kazi iishe chini ya dakika moja kwa sahani. Kijani si giza. phyA iliyojikusanya gizani huitikia hata mwanga mdogo mno.

Kupima. Laza miche kwenye sahani ya agari 1.5% kwa kibano laini, nyoosha bila kuvuta, skani. Kwa dpi 600 mm moja ni pikseli 23.6, kwa hiyo haipokotili ya mm 2 ni pikseli 47 na kosa la pikseli 5 ni zaidi ya 10%. Miche mifupi skani kwa 1200. Kwenye ImageJ (programu ya kupima picha) chora mstari wa kupinda kuanzia pale kotiledoni zinapogawanyika hadi kwenye kola, ule mduara wa vinyweleo vinavyoanza ghafla mwisho wa haipokotili. Watu wengi hukosea hapo: kwenye mche wa mwangani kola ina vinyweleo vingi virefu, unadhani ni mzizi umeshaanza juu, unakata nusu milimita. Chini ya darubini ya kupasulia, seli za mzizi ni nyembamba na angavu, za haipokotili ni ndefu na zimejipanga safu. Tazama mche mmoja hivyo kabla hujapima thelathini.

Angalau miche 30 kwa kila familia kwa kila rangi, sahani tatu, majina yakiwa yamefichwa kwa namba. Usimwondoe mche kwa kuwa "anaonekana mgonjwa". Weka kanuni kabla ya kupima: asiyeota ndani ya saa 24 baada ya Col-0 hahesabiwi. Basi.

Umeme ukikatika: ukikatika katika zile saa 18 za giza, hakuna hasara. Ukikatika kwenye rangi kwa saa mbili, rudia. Mkanda wa LED hula wati chache, betri ya pikipiki ya volti 12 na chaja yake vinaushikilia usiku kucha.

---

Aleli_Fichi alijibu:

Wakuu wawili wamemaliza taa na mbegu, mimi nisome picha. Kanuni ya kuandika kwanza, kwa wanaopitia: herufi kubwa (HY5) ni jeni nzima, ndogo (hy5) ni iliyoharibika; ila phyA, phyB, cry1 na cry2 huandikwa hivyo pia kwa protini nzima.

Familia hizi zina historia. Mwaka 1980 Koornneef na wenzake kule Wageningen, Uholanzi, walichuja Arabidopsis chini ya mwanga mweupe kama ulivyofanya, wakapata vituo vitano vya haipokotili ndefu, hy1 hadi hy5. Baadaye ikajulikana kila kimoja ni nini: HY1 ni kimeng'enya cha kuvunja himu (molekuli yenye chuma), HY2 ni kimeng'enya cha hatua inayofuata ya kutengeneza kromofori ya fitokromu (kipande chake kinachonyonya mwanga), HY3 ni PHYB yenyewe, HY4 ni kriptokromu CRY1, na HY5 ni protini inayoshika DNA na kuwasha jeni za mwanga. Uchujaji wako unaelekea kukupa walewale.

Na. 12: kati ya masanduku ya rangi, ndefu kwenye nyekundu peke yake, sawa kwenye bluu, sawa kwenye 730, sawa gizani. Hiyo ni phyB mpaka ithibitike vinginevyo. Ikue hadi maua: phyB ina vikonyo virefu vya majani na hutoa ua mapema.

Na. 31: nyekundu na nyekundu ya mbali zote zimepotea, maana yake phyA na phyB zimeenda pamoja. Ni vigumu jeni mbili kuharibika kwa bahati kwenye familia moja, kwa hiyo tafuta kitu wanachoshirikiana: kromofori. Rangi ya manjano-kijani inakuambia hivyohivyo. HY1 na HY2 ziko kwenye tawi la himu la njia inayotengeneza klorofili, na tawi hilo likiziba, njia nzima inabanwa. Ndiyo maana jeni hizo mbili ziligunduliwa mara ya pili kwa jina lingine, GUN2 na GUN3, na watu waliokuwa wakichunguza mawasiliano ya kloroplasti na kiini. Bluu iliyozidi kidogo inaeleweka: cry1 ni nzima, ila fitokromu nayo husaidia kidogo kwenye bluu.

Na. 47 ndiyo yenye mtego. Ndefu kila rangi inaweza kuwa hy5, na mizizi yenye matawi mengi yasiyofuata mvutano wa ardhi ni dalili ya hy5 kabisa. Lakini mche unaozidisha jiberelini, au wenye kasoro ya ukuaji isiyohusu mwanga, pia utakuwa mrefu kila rangi. Kinachowatenganisha ni ile sahani ambayo hukuipima: giza.

Sababu ni hii. Gizani protini ya COP1, ikishirikiana na protini za SPA, huibandika HY5 yubikwitini (alama ya kuharibiwa) na HY5 huharibiwa na proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini. Wakati huohuo PIF hujikusanya na kusukuma urefu. Mwanga ukiingia, fitokromu iliyoamka huingia kwenye kiini, PIF zinaharibiwa, COP1 inazuiwa, HY5 inabaki na kufanya kazi. Sasa fikiria mche usio na HY5: kwenye mwanga amepungukiwa kitu, atarefuka. Gizani hajapungukiwa chochote, maana hata Col-0 haina HY5 gizani. Kwa hiyo hy5 halisi gizani ni sawa na Col-0. Ikiizidi Col-0 gizani pia, umeshika jeni ya ukuaji wa jumla. Na ukikutana siku moja na mche mfupi gizani mwenye kotiledoni zilizofunguka, huo ni upande wa pili wa sarafu: mutanti ya cop1, ya det1 (jeni nyingine inayozuia mwitikio wa mwanga gizani), au pif nne zilizokosekana pamoja.

Toa matokeo kama uwiano: urefu kwenye rangi gawanya kwa urefu gizani, familia kwa familia. Milimita tupu zinadanganya familia zikitofautiana ukubwa wa mbegu.

Kuthibitisha bila jenomu nzima: jaribio la kukamilishana. Vuka 12 na phyB-9, ukitumia chipukizi cha ua ambalo ncha ya petali ndiyo kwanza inachungulia. Likishafunguka limekwisha jichavusha. Toa stameni zote 6, ngoja siku moja hadi mbili, paka chavua. F1 (watoto wa uvukaji huo) zikiwa ndefu kwenye nyekundu, ni jeni moja. Zikiwa fupi kama Col-0, ni jeni mbili tofauti.

Hapo pana shimo, na wengi hutumbukia. Mama ni 12, mrefu. Ukiacha stameni moja, ukajichavusha, mbegu zote zitakuwa ndefu na utatangaza "ni phyB!" bila uvukaji wowote kutokea. Kwa hiyo siku hiyohiyo, mmea huohuo, vuka pia 12 na Col-0. F1 hizo zisiporudi kuwa fupi, mkono wako ndio uliokosea. Usitegemee pia ziwe fupi kabisa: phyB huonyesha kipimo cha nakala, mwenye nakala moja nzima anaweza kuwa wa kati. Linganisha makundi matatu pamoja, usilinganishe na kumbukumbu.

Kisha acha F1 ya 12 na Col-0 ijichavushe, uhesabu F2 (wajukuu). Tuseme miche 160, mirefu 38. Ulitarajia 40 kwa 120. Khi-mraba ni 4/40 jumlisha 4/120, yaani 0.13, chini sana ya 3.84 (mpaka wa kukataa kwa 5%): jeni moja fichi, yaani inayoonekana nakala zote mbili zikiwa zimeharibika. Ukipata mirefu 24, ni 256/40 jumlisha 256/120, yaani 8.53. Hiyo haikubali 3:1. Kabla ya kubuni jeni ya pili, hesabu mbegu ambazo hazikuota. Mara nyingi mirefu iliyokosekana ipo palepale kwenye agari, haijapasua ganda.

Kuhusu phyB-9 tahadhari moja. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba mbegu za phyB-9 zina mabadiliko ya pili kwenye jeni VENOSA4, yanayogusa kloroplasti na majani. Kwa haipokotili haikusumbui, lakini ukija kuandika juu ya umbo la jani au usanisinuru, tumia aleli nyingine (toleo jingine la jeni hiyo iliyoharibika) au phyB-9 iliyosafishwa kwa kuvushwa tena na Col.

---

mkulima_kitalu aliandika:

Samahani kwa kuingilia. Miche ya nyanya kitaluni inayorefuka shingo na kuanguka, ni jeni hizi hizi?

---

Wimbi730 alijibu:

Njia ni ileile, jeni za miche yako ni nzima. Jani la juu hunyonya nyekundu na kuipitisha nyekundu ya mbali, kwa hiyo mche wa chini huona phyB yake ikizimwa na hukimbilia juu. Tenganisha trei, punguza neti ya kivuli, shusha joto la usiku ukiweza. Mutanti za nyanya zipo kweli: aurea, ya manjano na ndefu, ni ndugu wa hy2, na hp-2, fupi yenye rangi kali, ni DET1. Mtama nao: Ma3 ni phyB ya mtama, ikiharibika mmea unakuwa mwembamba na huwahi kutoa ua.

---

MtafitiMche aliandika:

Nashukuru sana wakuu, na BiKibano kwa mbinu ya kola. Nimerudia bila sukari, saa 6 za mwanga mweupe kabla, giza saa 18. Sanduku jekundu lilikuwa 27.5°C juu ya sahani. Nimeweka feni, sasa ni 22.5. Col-0 kwenye nyekundu sasa iko ndani ya mm 2 kutoka mfupi hadi mrefu. 47 gizani ni sawa na Col-0. Nina fedha ya PCR (kunakili kipande cha DNA) na kusoma vipande vichache tu. Nianze na ipi?

---

Aleli_Fichi alijibu:

Anza na 47. HY5 (At5g11260, namba ya jeni kwenye hifadhidata) ni protini ndogo ya asidi amino 168, jeni nzima inatosha kwenye kipande kimoja cha PCR na kusomwa kwa praima mbili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia usomaji). Ni bei ya chini kuliko uvukaji utakaokula miezi miwili.

31 ifuate: HY1 (At2g26670) na HY2 (At3g09150). Unaweza kuzipunguza hadi moja bila kusoma kitu kwa kuvuka 31 na hy1 na hy2 kutoka kituo cha mbegu. Ukisoma tu, soma zote mbili.

12 iache mwisho. PHYB (At2g18790) ni asidi amino 1172, itakutaka vipande kadhaa, na uvukaji na phyB-9 unakupa jibu hilohilo kwa gharama ya kibano. Soma baada ya F1 kutoka ndefu.

Kwenye mfuatano tafuta G iliyogeuka A au C iliyogeuka T. Hiyo ndiyo sahihi ya EMS. Ukiona A imegeuka C, shuku kosa la polimerasi (kimeng'enya cha PCR) au la kusoma, rudia PCR kutoka mmea mwingine wa familia hiyohiyo. Na usome Col-0 yako mwenyewe sambamba, ile iliyotibiwa, usitegemee mfuatano wa kwenye hifadhidata peke yake. Kodoni ya kusimama katikati ya jeni inajieleza. Asidi amino moja iliyobadilika haijielezi: tazama kama inaambatana na urefu katika F2, mche kwa mche, mirefu yote iwe homozaigasi (nakala zote mbili zina badiliko hilo) na mifupi isiwe hata mmoja.

---

BiKibano alijibu:

Hiyo F2 ukiitoa DNA, kata kotiledoni moja baada ya kuskani, siyo kabla. Mche uliojeruhiwa haupimiki, na ukishachanganya namba za mirija na za picha huna pa kurudia.